Sauti ya Chini

Mwezi wa tatu Kutaisi, nilijua maneno tisa:
mkate, maji, asante, samahani, bei gani,
kulia, kushoto, daktari, basi
(basi la abiria, si basi la kukoma).
Kwa maneno tisa mtu haulizi wapi kunachezwa nini usiku.
Ananunua nyanya, anapanda ngazi,
anasikiliza friji ikinguruma mpaka inyamaze.

Mchana nilipima kutu kwenye mabomba ya maji,
na kutu haina kabila, hula chuma kokote.
Jioni ndiyo iliyonishinda.
Nilitamani kukaa gizani na watu nisiowajua,
tukohoe pamoja kabla pazia halijafunguka.

Nilijaribu. Nilikata tiketi ya mchezo, safu ya nne,
saa mbili nzima za mfalme, au mwenye nyumba, sikujua,
aliyemfokea mwanamke mwenye kapu.
Watu walicheka, nami nikacheka
nyuma yao kidogo, kama mwangwi wa kisimani.
Jirani yangu aligeuka kunitazama.
Kicheko kilichochelewa hakina pa kukaa.

Kisha nikaona karatasi kwenye nguzo ya umeme,
nusu imeraruliwa: picha ya fidla, tarehe,
na herufi zao, ndoana zilizomwagika mezani.
Lamara anayeshona viatu pale chini kwangu
akaisoma, miwani ikiwa kwenye paji la uso,
akaninyooshea vidole vitatu, kisha akaelekeza juu:
ghorofa ya tatu, ng'ambo ya mto.

Nikanyoa ndevu. Nikavaa shati la kola.
Nikabisha hodi.

Hapakuwa na fidla. Palikuwa na wanaume wanne,
sufuria ya maharage, mmoja amevaa ndara,
mmoja ana unga wa ngano masikioni,
na kiti cha tano kitupu, koti la mtu limening'inizwa mgongoni mwake.
Nikainua karatasi yangu kama mtoto aliyetumwa dukani.
Wakaipitisha mkono kwa mkono, wakacheka mpaka wakafuta machozi:
fidla ni kesho. Leo Jumanne.

Nikatoa samahani, neno langu la nne, nikageuka.
Nugzar, yule wa ndara, akanishika bega,
akanikalisha kwenye kiti chenye koti,
akaniwekea kiganja kifuani, chini ya shingo,
akasema: Ooo.
Nami: ooo.
Chini zaidi. Ooo.
Akaitikia kwa kichwa, kama fundi aliyepata spana ya saizi yake.

Basi wakaanza.
Wao walipanda, wakagombana huko juu,
sauti mbili zikigombea mlango mmoja,
nami nimekaa chini na irabu moja tu,
irabu isiyodai kamusi.
Mara mbili niliipoteza. Mara mbili Otia wa unga
akanipiga teke la mguu, nikairudisha.
Meza ilitetemeka. Vijiko vilijua kabla yangu.

Bani, wakaniambia: ndiyo sauti hii.
Neno la kumi.
Kesho yake Lamara akanionyesha dari, kisha juu zaidi,
kumbe bani ni paa pia, lile bapa la nyumba za zamani,
na usiku nilikesha nikiwaza lugha inayoita
cha chini kabisa na cha juu kabisa kwa jina moja.

Jumatano hiyo nilikwenda kwenye fidla. Msichana alipiga vizuri.
Nikapiga makofi wakati wa makofi.

Jumanne iliyofuata wakasimamisha simu kwenye mkate.
Ndani yake Zaza, mwenye koti, mwenye kiti,
anayeendesha lori huko Poland,
ameegesha mahali penye mvua, wiki ya kumi na moja.
Aliniangalia. Nilitaka kuinuka.
Akasema kitu, wakatafsiri kwa mikono: kaa, kaa.
Kisha Nugzar akazima taa, sijui kwa nini, labda tumwone vizuri,
na gizani, kabla ya noti ya kwanza,
Zaza akakohoa.
Nikakohoa.